Muganga wa Ijumaa Kuu

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama na watoto wenye kutungojea ku nyumba wakati sisi tuko mu shimo,

Mutoto wangu mwenye anasoma ku primaire alirudi siku moja na kitabu chenye picha. Mu ile picha kuko mutu amevaa kofia ya chuma na koti ya muzito, ameshika mupira wa maji mbele ya nyumba inayowaka. Akaniuliza: «Papa, huyu ni nani?» Nikamwambia ni pompier, muzima-moto, kazi yake ni kuingia mahali wengine wanatoka. Akauliza tena: «Na siye huku, betu beko wapi?»

Sikuwa na jibu ya haraka. Kwa umri wangu, zaidi ya miaka arobaini, kila mara nyumba ao duka inashika moto ku kartie, wenye nimeona wakifika wa kwanza ni majirani, na beseni, na bidon ya njano, na muchanga mu sahani. Lakini mutoto alikuwa anangojea, na nikisema «hawako» ningekuwa nimemudanganya. Basi nilimwelezea juu ya mutu mumoja mwenye hakuzima moto ya kuni wala ya petroli. Alikuja kuzima moto ingine, hapa hapa Butembo, na akafia mu kazi. Kisha mutoto kulala nilibaki nawaza kama watoto wetu wengi hawajui jina lake, na sisi wakubwa wenye tunalijua hatupendi kulitaja. Njo sababu ninaandika.

Jina lake ni Docteur Richard Valery Mouzoko Kiboung. Mutu wa Cameroun.

Tarehe 19 mwezi wa ine 2019 ilikuwa Ijumaa Kuu. Wenye walikuwa Butembo ile siku wanakumbuka. Watu walikuwa mu njia ya musalaba, wamama wanatayarisha Pasaka na makuta kidogo yenye ilikuwako. Ku Cliniques Universitaires du Graben, Dr Mouzoko alikuwa mu mukutano na wenzake wa riposte, wale waliokuwa wanapiganisha Ebola. Watu wenye silaha wakaingia, wakapiga masasi. Wengine wawili wakaumia. Yeye akafa. OMS, njo shirika yenye ilimutuma kwetu, ikatangaza kifo chake ile siku yenyewe.

Hakuwa muganga wa kusimama ku kitanda na sindano. Alikuwa épidémiologiste, na wengi kati yetu hatukujua ile kazi ni kazi gani. Tulisema: «Ule anaandika tu.» Kumbe sisi wachimbaji tungeweza kuielewa kupita watu wengi, ju tunajua filon. Ukiona alama ya or mu jiwe, haurukaruke. Unafuata filon, kushoto, kuume, kwenda chini, ata pale inakuwa nyembamba sawa uzi, na ukiipoteza unarudi mahali pa mwisho uliiona. Épidémiologiste anafuata ugonjwa vile vile. Mutu ameshikwa Katwa: alilala kwa nani? Nani alimwosha? Nani alimubeba ku pikipiki? Ku poste de santé gani ya kartie walimutunza mbele, na nani alikuwa ku kitanda cha pembeni? Nani alikuja ku kilio na akagusa maiti? Kila jina linaandikwa. Kila mwenye jina anafuatwa siku 21, ju tangu ugonjwa kuingia mu mwili mpaka homa kuanza inaweza kupita siku 2, inaweza kupita siku 21. Zikiisha zote na mutu yuko muzima, jina linatoka ku orodha. Homa ikianza, anapelekwa mapema, mbele ya kuambukiza nyumba yote.

Na chanjo ilikuwa inafuata ile filon. Hawakuchanja muji muzima. Walichanja sawa mukaba kuzunguka mugonjwa: wenye walimugusa, kisha wenye waligusa wale. Ni vile mulimaji anakata majani kuzunguka shamba inayowaka, moto ikose pa kurukia. Ile chanjo ilitaka baridi ya digri 60 na zaidi chini ya sifuri, mu inchi yenye courant inakatika kila saa. Wazia tu kuifikisha Manguredjipa wakati wa mvua, na ile njia yetu.

Sasa, jina moja likifichwa, mukaba unatoboka. Nitarudia hapo, ju hapo pananigusa miye mwenyewe.

Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa munane 2018, ku Mangina, teritware ya Beni. Ilikuwa mara ya kumi kwa Congo tangu Yambuku mu 1976. Ulipita Beni muji, ukashuka Butembo na Katwa, ukaingia Ituri ku misitu ya wachimbaji. Ku mwanzo wa 2019, Katwa na Butembo njo zilikuwa katikati ya moto. Dr Mouzoko alikuja wakati ule. Hakukuta ugonjwa peke yake. Alikuta na hasira.

Ile hasira haikuanza na Ebola, na mutu mwenye anaandika juu ya Mouzoko bila kuitaja hasira yetu anaandika nusu. Tangu mwezi wa kumi 2014 watu wa Beni wanachinjwa usiku, mu mashamba na mu nyumba zao, panga na shoka. Mbau, Oicha, Eringeti, Rwangoma, Mayangose. Tulilia, tukafunga miji siku za ville morte, tukaandika ma-mémo. Mbio ya magari yenye tuliona wakati wa Ebola, hatukuwa tumeiona wakati watu wanachinjwa. Njo kitu chenye mama mumoja wa soko alisema mbele yangu: «Tukikufa na panga, hakuna mutu. Tukikufa na homa, dunia yote inakuya. Ni homa gani hiyo?» Yule mama hakuwa mujinga.

Kisha ikakuja mambo ya uchaguzi. Mwisho wa mwezi wa kumi na mbili 2018, siku chache tu mbele ya kura ya tarehe 30, CENI ikatangaza kama Beni na Butembo hatutachagua pamoja na inchi yote, ju ya Ebola na ju ya usalama. Kura yetu ikasukumwa mpaka mwezi wa tatu 2019, wakati président alikuwa ameshaapa tangu mwezi wa kwanza. Mutu wa kawaida akajiuliza: Ebola inakataza kura, lakini haikatazi soko, haikatazi kanisa, haikatazi masomo? Ku Beni vijana walipanga mustari na kupiga kura yao wenyewe, ya kuonyesha tu. Na mu ile fujo, mahali pa kupokea wagonjwa ku Beni pakavunjwa. Mwenye alisema kama Ebola ni siasa, siku ile alipata watu wengi wa kumuamini.

Na makuta. Ma-jeep zenye kukodishwa kwa dola, kodi ya nyumba ikapanda, kijana mwenye alijua mutu fulani akapata kazi na mwenye hakujua akabaki anaangalia. «Ebola business» tulisema. Ndani ya ile neno kulikuwa ukweli, na miye sitaufuta leo ju eti mutu amekufa. Lakini mwenye alikuwa anakula ile makuta si lazima ni yeye alikuwa mu chumba ya mukutano Ijumaa Kuu akifuata majina.

Tarehe 24 mwezi wa pili 2019 walichoma CTE ya Katwa. Siku tatu kisha, ile ya Butembo. Médecins Sans Frontières wakasimamisha kazi yao hapo. Tarehe 9 mwezi wa tatu ya Butembo ikashambuliwa tena, polisi mumoja akakufa. Dr Mouzoko na wenzake walikuwa wanajua hayo yote. Hakuna mutu alikuwa Butembo mu mwezi wa ine 2019 na asijue. Na walikuwa wanaendelea kufanya mikutano.

Sasa nitasema na yangu.

Miye wakati ule nilikuwa ku carrière moja upande wa magaribi ya Butembo, délégué wa wachimbaji. Mu mwezi wa pili timu ya uhamasishaji ilifika pale, vijana wane na dada mumoja infirmière, buti zao zimejaa matope. Watu wetu wakaingia mu shimo na wakakataa kutoka. Wale wageni wakaniomba miye niseme neno, ju miye njo nilikuwa sauti ya watu. Nilisimama pale. Ningeweza kusema «tuwasikie kwanza». Nilisema: «Kila mutu na kichwa yake.» Wachimbaji wakacheka, wakanipigia makofi. Ile timu ikabaki kidogo, ikanawa mikono na maji yake yenyewe, ikarudi.

Wiki mbili tatu kisha, mwenzetu mumoja, mutwangaji wa mawe, akashikwa na homa. Alitapika usiku. Tulimupandisha ku pikipiki kumurudisha kwabo, na hatukusikia tena juu yake ila kama amekufa. Watu wa kufuata wakapiga telefone kuuliza: alikuwa analala na nani mu blindé? Telefone ilikuwa mu mukono wangu. Nikasema: «Alikuwa analala peke yake.» Tulikuwa sita mu ile blindé. Miye nilikuwa wa pili toka ku mulango.

Kama ilikuwa Ebola, kama ilikuwa malaria, sijui hata leo, ju hatukutaka kujua. Hakuna mutu mwengine aligonjwa pale kwetu. Wamoja wananiambia: basi unajisumbulia nini? Najisumbulia kwa sababu ile siku sikuwa na njia ya kujua kama hakuna mutu atagonjwa. Nilitupa kete na maisha ya watu watano na ya wake zao. Na kule Butembo kulikuwa mutu, pengine yeye, pengine mwengine kama yeye, mwenye aliandika mbele ya jina la marehemu: hana wenzake.

Habari ya Ijumaa Kuu ilitufikia siku ya posho ya Pasaka jioni. Kijana mumoja alipanda ku kilima pale réseau inapatikana, akarudi mbio: «Baliua muganga ku Graben!» Kulikuwa wenye walicheka. Mumoja akasema: «Njo vizuri, barudi kwabo.» Pale akasimama conducteur wetu wa shimo, muzee mwenye hasemi mingi, mwenye alikuwa hata yeye amekataa chanjo. Akamwambia: «Weye, ulishaendaka hata Kisangani kusaidia mutu? Ule alitoka Cameroun.» Akarudi kukaa. Hakuna mwenye aliongeza kitu. Tulikula ugali na sombe kimya.

Ile neno «barudi kwabo» inanirudishia kitu chenye watu wa mbali hawajui na sisi tunasahau: wengi wa riposte walikuwa hawana pengine pa kurudi. Walikuwa kwabo. Infirmiers wa hapa, wazikaji wa hapa, vijana wa thermomètre ku barrière, wenye kulipwa kwa siku. Watumishi wa afya zaidi ya 160 waliambukizwa mu ile ugonjwa, na wengi ni wa poste de santé ndogo za kartie zetu, zenye mugonjwa anafikia mbele ya kujulikana kama ni Ebola.

Siku chache kisha kifo cha Mouzoko, waganga na infirmiers wa Butembo walishuka ku barabara na blouse zao nyeupe. Waliomba ulinzi, na wakasema kama hakuna jibu watasimamisha kazi. Sisi watu wa syndicat tunajua kugoma ni nini, tunajua na bei yake. Lakini muganga kugoma wakati wa Ebola, hiyo ni ingine. Wenye walikuwa wanawatukana asubui njo wangewalilia mangaribi. Niliwaza siku ile, na ninawaza leo: mutumishi mwenye anaomba asiuawe ku kazi haombi upendeleo. Ni dai ya kwanza ya kila syndicat duniani, mbele ya mushahara, mbele ya kofia na buti. Na sisi wachimbaji hatukutuma hata mutu mumoja kutembea pamoja nao. Hata salamu hatukutuma.

Tarehe 28 ya ule mwezi, mukubwa wa OMS, Dr Tedros, alifika Butembo yeye mwenyewe kuwaona watu wake. Mu mwezi wa munane auditorat militaire ikatangaza kama imekamata waganga wa hapa, inawashitaki kuhusika na ile mauaji. Wenzao wakakataa na kupinga. Hayo ni ya tribunal. Miye sitaki kuhukumu mutu mu gazeti.

Wandugu, kuko na tarehe ingine yenye sisi wachimbaji hatuna ruhusa ya kusahau, ju ilifanyika kwetu kabisa. Usiku wa kuamkia tarehe 28 mwezi wa kumi na moja 2019, watu wenye silaha waliingia mu kambi ya riposte ku Biakato Mines, teritware ya Mambasa. Biakato mwaijua, wengi mumechimba pale, wengine mumeolea pale. Walikufa watu wane: mumoja wa timu ya chanjo, polisi mumoja, na ma-chauffeur wawili. Ma-chauffeur. Watu wa volant, wenye kazi yao ni kujua shimo iko wapi mu njia na kuleta wengine salama. Ile usiku walishambulia pia bureau ya Mangina. Majina ya wale wane haikuandikwa mu magazeti ya dunia sawa jina la Mouzoko, na miye sitayaandika hapa, ni ya jamaa zao. Lakini mukipita Biakato na kukunywa chai pale ku barabara, mujue.

Beni nayo iko na wake. Mu mwezi wa kumi na moja 2018, ku Kididiwe, karibu na Beni, wanajeshi wa MONUSCO walikuwa wanapigana na ADF. Mutanzania mumoja akapigwa, akaanguka mahali pa wazi. Soldat wa Malawi, jina lake Chancy Chitete, alirudi akamuvuta mpaka mahali pa kujificha, akaanza kumutunza. Sasi ikamupata hapo. Mutanzania aliishi, Chitete akafa. Mu mwezi wa tano 2019 ONU ilimupa médaille ya ushujaa yenye jina la Capitaine Mbaye Diagne, na jamaa yake njo walienda kuipokea. Najua wengi kwetu wako na neno juu ya MONUSCO, na miye pia niko nayo. Lakini namna yule mutu alifanya, kila mutu wa shimo anaijua. Mwenzako yuko chini, unarudi.

Njo hapo ninapotaka kufika.

Shimo ikianguka, pompier wetu ni nani? Ni sisi. Hakuna mwengine. Mvua imenyesha usiku, boisage imeoza, udongo umeshuka, watatu wako ndani. Dakika ya kwanza wote wanakimbia. Dakika ya pili wawili ao watatu wanarudi. Hakuna mwenye aliwachagua, hakuna mwenye aliwafundisha. Hawana kamba ya maana, taa ni ile ya kichwa yenye pile inakufa. Wanachimba na mikono ju beleshi inaweza kumukata mwenye yuko chini. Ku carrière yenye niko nasema, mwaka mumoja wakati wa mvua, waliingia wawili. Wakatoa mumoja muzima. Wakarudi kwa wa pili, na udongo ukashuka tena, mara ya pili, pale pale. Mumoja wa waokozi hakutoka.

Muke wake alipata nini? Nitawaambia, ju nilikuwa mu komite ya kilio. Sanduku, tulichanga. Mufuko wa muchele. Kitenge. Mwenye shimo alitoa makuta ya kurudisha maiti ku muji, na kisha ile makuta ikahesabiwa ku deni ya marehemu. Yule mama alikuwa na mimba. Watoto wawili wakubwa waliacha masomo ule mwaka.

Sheria inasema nini? Inchi yetu iko na CNSS, yenye iliingia mu nafasi ya INSS ya zamani, na ndani yake kuko malipo kwa mutu mwenye amekufa ku kazi. Lakini ile inalinda mutumishi mwenye patron wake amemutangaza na analipa kila mwezi. Sisi patron wetu ni nani? Mwenye shimo anasema: «Miye si patron, tunagawana tu.» Coopérative inasema: «Siye tunaunganisha tu.» Code minier, ile ya 2002 na vile ilirekebishwa mu 2018, inatutaka tuwe mu coopérative na tuwe na karte ya mwaka. Karte tunalipa. Lakini mwenye anaingia mu udongo kumutafuta mwenzake, pale karte haimusaidie muke wake kitu.

Nimeambiwa: «Papa, unafananisha Docteur wa OMS na creuseur?» Ndiyo, nafananisha, na kuko mahali wanaachana. Yeye alikuwa na shirika ya kutangaza kifo chake siku ile ile, mukubwa wake alipanda ndege. Kijana wa kupima homa ku barrière, mwenye kulipwa kwa siku, alikuwa na nini? Chauffeur wa Biakato? Mwokozi wetu wa shimo? Watu wanapenda kusifu mutu mwenye alikufa kwa ajili ya wengine. Kusifu hakulipishi kitu. Kumulisha mutoto wake miaka kumi, hapo watu wanaangalia chini.

Ugonjwa wenyewe uliisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 3.470 walishikwa, 2.287 walikufa. Ni nyingi sana, na ni kidogo kupita vile ingekuwa kama mukaba haukushonwa. Zaidi ya watu 300.000 walichanjwa. Na mu ile taabu yote kulitoka kitu chenye dunia inatumia leo: majaribio ya dawa yalifanyika hapa hapa, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, na jina la ile kazi ni la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha. Mu mwezi wa munane 2019 walitangaza kama dawa mbili zinaponya wengi, zaidi sana wenye wanafika mapema. Moja ni ile yenye mwanzo wake unatoka kwa Professeur Muyembe wetu na damu ya mutu mwenye alipona Ebola ya Kikwit, 1995. Dr Mouzoko hakuona ile siku. Zilibaki miezi ine.

Ebola ilirudi Butembo mu mwezi wa pili 2021, ikarudi Beni mu mwezi wa kumi. Mara zote mbili ilifungwa kwa miezi kidogo, na wagonjwa hawakupita kumi na mbili. Majina yalitolewa. Miye mwenyewe, mara ile ya Butembo, nilienda ku carrière kusema na watu, na nilianza kwa kuwaambia ile mambo ya blindé na telefone. Hawakunipigia makofi. Lakini walitoka mu shimo, wakasikia.

Basi, neno ya mwisho ni ya kazi. Wajumbe wa mashimo tumepatana kuanzisha caisse ya waokozi. Ku kila mifuko makumi tano ya mawe, mufuko mumoja unatoka mbele ya kugawa, na hesabu inaandikwa mbele ya watu, mu kitabu kimoja chenye kila mutu anaweza kufungua. Makuta ya pale hainunue bia, haikopeshwe, haiende ku safari ya mukubwa yeyote, hata yangu. Ni ya kamba, taa, mbao nzuri, na ni ya nyumba ya mwenye hakutoka. Mashimo kumi na moja imeshakubali. Wenye mashimo wengine wanasema tutaona. Tutawangojea, lakini si sana.

Na kuko orodha ya waokozi, ju hatutaki tena kungojea dakika ya pili ili tujue ni nani anarudi. Mwenye anataka kuandikwa akuje siku ya kwanza asubui, mbele ya kuingia mu shimo. Mukaratasi ni mufupi: jina lako, shimo yako, na jina la mutu mwenye tutamupelekea makuta kama ikilazimu. Mutie jina la muke ao la mama kamili, na kartie, na kama kuko telefone. Mwenye hajui kuandika, secrétaire atamwandikia.